Uvira: Taa za wavuvi zinapata wapi mwanga? Jibu limo ndani ya fuwele ambazo ndugu zao wako Kivu

Usiku ambao mwezi haupo, mtu akisimama pembeni ya maji katika mtaa wa Kimanga anaona taa za aina mbili. Kule ng'ambo ni taa za Bujumbura, zimetulia. Katikati ya ziwa ni taa za wavuvi, zinapanda na kushuka pamoja na mawimbi. Hizi za pili ndizo zinaamua kama asubuhi kutakuwa na ndagala sokoni, na kwa bei gani. Mwezi ukijaa, mitumbwi inabaki ufukweni, maana taa ya mvuvi haiwezi kushindana na mwezi: samaki wanatawanyika na wavu unarudi mtupu.

Kuvua kwa mwanga si jambo la jana kwenye Tanganyika. Wazee walitumia lusenga, ule wavu wenye mpini mrefu, huku moto wa kuni au matete ukiwaka juu ya mtumbwi. Katika miaka ya 1950 karabai za petroli, zile za kupigwa pampu, zilianza kuenea upande wa kaskazini wa ziwa. Leo mtumbwi unabeba batri na taa za LED. Mvuvi ameachana na harufu ya petroli na ule utambi mweupe uliokuwa unavunjika kama majivu ukiguswa tu.

Watu wengi wanaona badiliko hilo ni la rangi na la pesa: mwanga wa njano umekuwa mweupe, na gharama ya petroli imekuwa gharama ya batri. Lakini kuna badiliko kubwa zaidi ambalo jicho halilioni. Kuni, matete na karabai vyote vinaangaza kwa sababu kuna kitu kimepashwa moto mpaka kinawaka. Taa ya LED haichomi kitu chochote. Mwanga wake unazaliwa ndani ya fuwele iliyo ngumu na karibu baridi. Sasa wataalamu wa dunia wanachunguza fuwele za aina nyingine, zinazoitwa perovskiti, ambazo huenda zikaleta taa za bei ndogo zaidi. Kwa miaka mingi wamebishana juu ya swali ambalo mtoto wa shule angeweza kuliuliza: mwanga huu unatoka wapi hasa?

Maji ya Ruzizi na elektroni

Tuanze na taa iliyoko sokoni leo. Chukua ampuli ya LED iliyozimwa, uangalie ndani. Utaona madoa madogo ya njano. Chini ya kila doa kuna kipande kidogo cha galiamu na nitrojeni ambacho kinatoa mwanga wa bluu. Ule unga wa njano unameza sehemu ya bluu na kuitoa ikiwa njano. Bluu na njano vikichanganyika, jicho linasema: nyeupe. Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura ndio waliofanikisha hiyo LED ya bluu, wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Hicho kipande kinatoaje mwanga? Mfano wake tunao hapa kwetu. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika iko karibu mita 770. Mto Ruzizi unatelemka kutoka lile kwenda hili, na tangu mwisho wa miaka ya 1950 mabwawa yaliyoko karibu na Bukavu yanachukua nguvu ya maji hayo na kuigeuza kuran. Maji yakianguka, yanaachilia nguvu. Yakianguka kutoka juu zaidi, yanaachilia nguvu zaidi.

Ndani ya fuwele, kinachoanguka ni elektroni. Batri inaisukuma mpaka ghorofa ya juu. Ghorofa ya chini kunabaki tundu, yaani nafasi aliyoiacha wazi. Elektroni ikikutana na tundu inaanguka, na ile nguvu inatoka ikiwa mwanga. Kati ya ghorofa hizo mbili hakuna ngazi, ni pengo tupu, na ukubwa wa pengo ndio unaochagua rangi. Pengo dogo linatoa nyekundu, la kati linatoa kijani, kubwa linatoa bluu. Ndiyo sababu LED nyekundu na ya bluu hazitofautiani kwa kioo kilichopakwa rangi. Zimetengenezwa kwa vitu tofauti kabisa.

Shida ni kwamba njiani kuna mashimo. Fuwele yoyote ina kasoro: atomu moja imekosekana, nyingine imekaa mahali si pake. Elektroni ikitumbukia katika shimo kama hilo, nguvu yake inaishia kuwa joto, kama maji yanayozama mchangani kabla ya kufika bwawani. Kwa hiyo LED ya kawaida inadai fuwele iliyo karibu kamili, inayokuzwa kwenye joto la digrii 1,000 hivi ndani ya mashine za bei kali. Haitengenezwi katika karakana ya mtaani.

Jiwe la Urusi, la Nyiragongo na la Lueshe

Perovskiti imekuja na habari tofauti. Jina lenyewe ni la zamani. Mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose alichunguza jiwe lililotoka milima ya Ural, Urusi, akalipa jina la Lev Perovski, mkubwa mmoja wa Urusi aliyependa mambo ya madini. Lilikuwa limeundwa na kalsi, titani na oksijeni. Baadaye jina likawa la ukoo mzima wa vitu vilivyojengwa kwa ramani moja: atomu moja katikati, nyingine sita zikiizunguka, juu, chini na pande nne. Vijumba hivyo vinashikana kwa pembe zao, na katika nafasi iliyobaki kati yao inakaa atomu kubwa.

Ukoo huo hauko mbali na sisi. Lava ya Nyiragongo, ile ambayo watu wa Goma wanaikanyaga kila siku, ina chembechembe za perovskiti ya kalsi na titani. Na huko Lueshe, katika teritware ya Rutshuru, mahali panapojulikana kwa machimbo ya niobi, kulipatikana madini ya sodi, niobi na oksijeni yenye ramani hiyohiyo. Mwaka 1959 yalitangazwa kwa wanasayansi kwa jina la lueshite. Kwa hiyo kijiji cha Kivu ya Kaskazini kimo katika orodha ya madini ya dunia, na ni Wakongomani wachache wanaojua.

Neno moja kabla hatujaendelea, kwa sababu jimbo letu tunalifahamu. Mawe hayo ya Nyiragongo na ya Lueshe hayawaki gizani, na hakuna kiwanda cha taa kinachoyatafuta. Perovskiti za taa zinatengenezwa maabarani kwa kuchanganya chumvi ndani ya maji ya kemia. Mtu akikuletea kifuko cha "perovskiti ya kuuza", funga mlango.

Hata hivyo jiwe la Rose linaweza kuangaza, likisaidiwa. Likitengenezwa likiwa safi, kisha likatiwa kiasi kidogo sana cha madini adimu yanayoitwa praseodimi, linatoa mwanga mwekundu wa nanomita 612. Nanomita milioni moja ndizo zinafanya milimita moja. Hapo mwanga si wa nyumba, ni wa mgeni: jiwe linapokea nguvu na kumpa praseodimi, naye ndiye anayeangaza. Tukumbuke jambo hilo, kwa sababu ugomvi wenyewe ulihusu nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Fuwele inayosamehe kasoro

Perovskiti zilizoleta msisimko hazina oksijeni. Zina sesiamu au kemikali nyingine mahali pa ile atomu kubwa, risasi katikati ya kijumba, na klorini, bromini au iodini kwenye zile pembe sita. Risasi hapa ni yale madini mazito yaliyomo ndani ya batri za gari. Mdenmaki Christian Møller alieleza muundo wa fuwele hizo mwaka 1958, kisha zikakaa miaka mingi bila watu wengi kuzijali. Mwaka 2009 kikundi cha Tsutomu Miyasaka huko Japani kilizitumia kutengeneza umeme wa jua, kwa ufanisi wa 3.8% tu. Leo maabara zimevuka 25%. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walionyesha LED za perovskiti zinazoangaza katika joto la kawaida la chumba. Mwaka uliofuata, kikundi cha Maksym Kovalenko huko Zurich, Uswisi, kilitoa chembe ndogo sana za perovskiti ya sesiamu na risasi zinazong'aa kwa rangi karibu zote.

Rangi inabadilishwa kama mpishi anavyobadilisha kiungo. Ukitia klorini, pengo linakuwa kubwa na mwanga unakuwa wa zambarau karibu na bluu. Bromini inatoa kijani kikali cha nanomita 520 hivi. Iodini inatoa nyekundu. Ukichanganya mbili, unapata rangi iliyo katikati. Yote hayo yanafanyika kwa joto dogo na ndani ya chupa ya kawaida ya maabara.

Kilichowashangaza watu ni kwamba fuwele hizo zimejaa kasoro na bado zinaangaza vizuri. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mashimo ya perovskiti si marefu. Elektroni ikiingia, inatoka tena na kuendelea na safari mpaka ikutane na tundu lake. Turudi kwenye mto: mashimo yapo, lakini yanajaa haraka na maji yanapita juu. Hapa mwanga ni wa mwenyeji mwenyewe, unatoka kwenye pengo la fuwele.

Ugomvi wa ule unga wa kijani

Kama mambo yangeishia hapo, hadithi ingekuwa fupi. Lakini sesiamu, risasi na bromini vinaweza kujengana kwa namna zaidi ya moja. Ile ya kwanza inaandikwa CsPbBr3, na vijumba vyake vimeshikana kama nyumba za avenyu moja. Nyingine inaandikwa Cs4PbBr6. Humo sesiamu ni nyingi mno, na kila kijumba kimetengwa peke yake kama kisiwa. Elektroni haina jirani wa kumtembelea. Kwa hesabu za fizikia, kitu kama hicho kinapaswa kuwa na pengo kubwa sana, kionekane bila rangi kama chumvi ya jikoni, na kisitoe kijani hata kidogo.

Ila kilitoa. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha KAUST, Saudi Arabia, walitangaza kwamba unga wa Cs4PbBr6 unatoa kijani kikali kwa ufanisi wa 45%. Maana yake, katika kila chembe 100 za mwanga ulizoupatia, ulirudisha 45 za kijani. Kwa unga mkavu hiyo ilikuwa hesabu nzuri sana. Pakazuka kambi mbili.

Kambi ya kwanza ilisema: mwanga ni wa Cs4PbBr6 yenyewe. Mahali fulani ndani yake bromini imekosekana, na ile nafasi tupu imetengeneza ngazi katikati ya pengo, elektroni inaanguka kutoka hapo. Kambi ya pili ilisema: hapana, humo ndani kuna mgeni aliyejificha. Ni chembe ndogo sana za CsPbBr3 zilizonaswa wakati fuwele inakua, ndogo kiasi kwamba vipimo vya kawaida havizioni. Walikuwa na sababu ya kushuku: kijani cha unga huo ni kilekile cha nanomita 520 hivi. Kambi ya kwanza ikajibu kwamba CsPbBr3 ikiwa kipande kikubwa inaangaza kwa unyonge, sasa chembe chache zitawezaje kung'aa namna hiyo? Na wa pili wakajibu kwamba ni kwa sababu ni ndogo na zimefungiwa: elektroni na tundu wakiwekwa chumba kimoja kidogo hawapotezani.

Ushahidi ukaanza kuingia. Mwaka 2017 kikundi cha Liberato Manna, huko Genova, Italia, kilitengeneza chembe za Cs4PbBr6 zilizo safi. Hazikuwa na rangi, wala kijani hakikuonekana. Kikundi cha Jiming Bao katika Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, kilitumia njia nyingine: kuiminya fuwele kwa nguvu kubwa na kuangalia mwanga unavyobadilika. Kijani kilifuata tabia ya CsPbBr3, si tabia ya fuwele iliyokibeba. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kambi ya mgeni ndiyo iliyo na hoja nzito, ingawa wale wa bromini iliyokosekana hawajanyamaza wote.

Msomaji anaweza kuuliza: hayo yananihusu nini mimi ninayenunua ampuli sokoni? Yanahusu kwa njia moja rahisi. Anayetaka kutengeneza taa lazima ajue anajenga nini. Kama mwanga ni wa nafasi tupu, kiwanda kitahangaika kutengeneza nafasi nyingi. Kama ni wa mgeni, basi Cs4PbBr6 ni ganda tu, ni ukuta unaomkinga mgeni, na kazi yote ihamie kwa mgeni: ukubwa wake, idadi yake, na jinsi ya kumlinda na unyevu. Ukikosea hapo, unatumia pesa ya miaka kupiga rangi ukuta wakati tatizo liko kwenye taa.

Mwanga mweupe unaozaliwa matopeni

Kuna asili ya tatu, na kwangu ndiyo inayopendeza kuliko zote. Mwaka 2018 kikundi cha Jiang Tang, huko Wuhan, China, pamoja na wenzao, kilitangaza perovskiti isiyo na risasi kabisa. Imetengenezwa kwa sesiamu, fedha, sodi, indi na klorini, pamoja na bismuti kidogo mno. Inatoa mwanga mweupe wenye joto, unaokaribia ule wa karabai, kwa ufanisi wa karibu 86%, na ilifanya kazi zaidi ya saa 1,000. Kitu kimoja, mwanga mweupe, bila kuchanganya bluu na unga wa njano.

Inawezekanaje fuwele moja kutoa rangi nyingi kwa wakati mmoja? Fikiria mtu anayevuka bonde la Ruzizi baada ya mvua. Kila hatua mguu unazama, mara kidogo, mara mpaka goti. Fuwele hii ni laini. Elektroni na tundu lake wakisimama mahali, atomu za jirani zinajikunja kuwazunguka, nao wananaswa katika shimo walilolichimba wenyewe. Kina kinatofautiana, kwa hiyo mianguko inatofautiana, na rangi zinatoka nyingi kwa pamoja. Jicho linaziona zote kuwa nyeupe.

Risasi, bati na maji ya ziwa

LED za perovskiti bado haziuzwi madukani kama ampuli za nyumba. Zinakufa mapema, hasa za bluu, na perovskiti yenye risasi inayeyuka ikiguswa na maji. Paneli za jua ndizo zimetangulia: kampuni ya Oxford PV ilipeleka paneli zake za kwanza za biashara kwa mteja mwaka 2024. Huku kwetu vitu vya mwanga vinaingia haraka, bila mtu kuuliza vimetengenezwa kwa nini, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema.

Hesabu ya risasi ina pande mbili. Paneli ya perovskiti ya mita moja ya mraba ina chini ya gramu moja ya risasi, na tabaka la LED ni jembamba zaidi. Batri ya pikipiki inayopandishwa kwenye mtumbwi ina zaidi ya kilo moja. Kwa uzito, hatari kubwa tunayo tayari, na watu wanaipasua kwa nyundo nyuma ya nyumba. Upande wa pili ni kwamba risasi ya perovskiti inaingia majini kwa urahisi kuliko kipande cha chuma. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za risasi kwa lita. Gramu moja ikiyeyuka yote inatosha kufikisha lita 100,000 kwenye mpaka huo. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za pembeni, kila kitu kilichokuwa kimetupwa uani kilifuata maji. Na Tanganyika haina haraka ya kutoa inachokipokea: mto pekee unaotoka ni Lukuga, kule Kalemie, na maji mengi yanaondoka kwa kugeuka mvuke, ambao hauchukui risasi.

Ndiyo maana maabara nyingi zinatafuta kitu cha kukaa mahali pa risasi, na jirani wake wa karibu katika kemia ni bati. Kasiterite, jiwe linalotoa bati, wasomaji wetu wanalijua kuliko maprofesa wengi: linatoka Bisie, Walikale, linatoka Nyabibwe, Kalehe. Lakini bati ina udhaifu wake. Ikikutana na hewa, inapoteza elektroni mbili zaidi ya zile ilizotakiwa kutoa, fuwele inaharibika, na mwanga unafifia. Siku tatizo hilo likipata dawa, bati ya Kivu itakuwa na mteja mpya. Kama itaendelea kuondoka ikiwa mchanga ndani ya mifuko na kurudi ikiwa ampuli, hilo si swali la fizikia.

Linabaki jambo la rangi, ambalo wavuvi wana haki ya kulidai. Maji ya Tanganyika ni maangavu. Humo nyekundu inamezwa katika mita za kwanza, na bluu pamoja na kijani ndizo zinazofika chini zaidi, kule ndagala wanakoshinda kabla ya kupanda usiku. Taa nyeupe inapoteza juu ya maji sehemu ya nguvu ya batri kwa rangi ambazo samaki wa chini hawatazipata. Perovskiti inaweza kuchaguliwa rangi wakati wa kuchanganya chumvi, na kijani chake kimeshapita 20% ya ufanisi katika LED za maabara tangu mwaka 2018. Bluu yake ndiyo bado inasumbua. Hapa Uvira tuna kituo cha utafiti wa maji, CRH, kinachowajua samaki hawa kwa miongo mingi. Jaribio la taa mbili za nguvu sawa, moja nyeupe na moja ya kijani, juu ya mitumbwi miwili usiku uleule usio na mwezi, halihitaji maabara ya Cambridge. Linahitaji mizani ya kupimia ndagala asubuhi.